Siku Niliyowanyima Machifu Pombe Yao

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita mliniacha ngazini, nikicheza na Maman Consolate huku nusu ya vitenge vyake viko begani mwangu. Furaha ile ilidumu siku mbili kamili. Nihesabieni hizo mbili, maana zilizofuata ndizo zilizonifanya nishike kalamu leo nikiwa na aibu usoni.

Aliyefika leo asihangaike, nitamkumbusha kwa ufupi. Naitwa Floribert. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, nikaacha chaki, mama yangu akalia. Miaka mitatu sasa mimi na Noëlla tuko katika chumba kimoja juu ya duka la vitenge la Maman Consolate, pale Nyawera, Bukavu, tunatengeneza mchezo wa kompyuta. Mimi naandika amri za ndani, Noëlla anachora. Ng'ombe wa kwanza niliyemchora mimi alifanana na meza, na tangu siku hiyo nilikatazwa kushika brashi.

Mchezo wetu unaitwa Kilima. Ni mchezo wa mikakati. Wewe ni chifu wa kilima kimoja juu ya ziwa, na majirani zako ni machifu kumi na wawili. Hakuna vita. Watu wa nje wakisikia mchezo umetoka Congo wanangoja bunduki, na sisi tulisema bunduki hawataipata. Katika Kilima unatoa ng'ombe na kuomba ng'ombe, mpaka kila zizi lina ng'ombe wako na kila jirani ni mtu wako.

Mwezi uliopita tulikubaliwa kwenye wiki ya vionjo. Duka kubwa la michezo mtandaoni hutenga wiki moja ambapo wadogo kama sisi, watu wawili chumbani, wanaweka kipande cha mchezo wao ili watu waonje bure. Anayependa hubonyeza kitufe akumbushwe siku mchezo utakapotoka. Sisi tunawaita wanaongoja. Kila mchezo huingia mara moja tu, na soko lenyewe limejaa: wiki hiyo tulikuwa michezo mia nane ya mikakati, kila mmoja akipunga mkono aonekane.

Wachapishaji wa michezo wa Lyon walituandikia waziwazi. Wakifika watu elfu saba wanaongoja kabla ya Jumapili jioni, watauchukua mchezo wetu na tutakuwa na kazi ya miaka miwili. Wasipofika, bon courage, yaani kila la heri.

Noëlla naye alikuwa na barua nyingine mfukoni. Shirika moja la afya lilimtaka kisiwani Idjwi, akachore mabango ya chanjo, aanze Jumatatu. Idjwi si mbali, boti inakufikisha, lakini mtandao kule huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Noëlla akienda Idjwi, Kilima kimekufa.

Tena niliahidi kutowaficha kitu: nampenda. Miaka mitatu sijamwambia. Basi someni mkijua kwamba mwenye kisa hiki hakuwa na akili timamu.

Kionjo kilifunguliwa Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi tulikuwa na watu mia tisa wanaongoja, nami nikamnunulia Noëlla sambusa mbili. Hajamaliza ya kwanza akaniita.

"Flori, kuya uone. Bazungu banalalamika."

Nikasogea. Mtu wa Poland ameandika: "Picha nzuri sana, lakini mchezo umeharibika. Naomba ng'ombe, machifu hawajibu." Mtu wa Brazil: "Machifu hawajibu." Mtu wa Korea, ambaye hatukujua hata alitupata vipi: "Hawajibu." Alama zetu zilikuwa zimeshuka kutoka nzuri hadi vuguvugu, na kila mchezaji anajua kwamba mchezo vuguvugu haununuliwi na mtu.

Niliangalia amri zangu mstari kwa mstari hadi macho yakatoa machozi. Sikuona kosa. Tukashuka dukani, tukamwomba Maman Consolate acheze mbele yetu. Huyu mama anauza vitenge tangu kabla sijazaliwa, na katika Kilima ametushinda sote, hata mimi niliyekitengeneza.

Akavaa miwani. Akacheza. Machifu wakamjibu mmoja baada ya mwingine, wakampa ng'ombe, wengine wakampa na ndama.

"Wapi iko naharibika?" akauliza.

Noëlla alikuwa ameinama begani mwake. Polepole akasema: "Maman, ju ya nini unatumaka mutungi wa kasiksi mbele?"

Maman Consolate akavua miwani, akamtazama kwa huruma.

"Noëlla. Utaenda kuomba muntu ngombe na mikono bure? Mama yako hakukufundisha?"

Tukatazamana. Mnajua methali: mkono mtupu haulambwi. Katika mchezo wetu unatuma kwanza mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, chifu anakunywa, ndipo unafungua kinywa. Asiyetuma mtungi, chifu anamtazama tu, kimya, kwa adabu. Hatukuwa tumeandika hilo popote. Tulijaribu mchezo na watu sitini: wauzaji wa Nyawera, wenye pikipiki, kwaya nzima ya Kasha alikozaliwa Noëlla. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Wote walituma mtungi, kama tulivyofanya sisi, na ikawa imetupita kabisa kwamba kuna binadamu duniani asiyelijua jambo hili.

Noëlla akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya furushi la vitenge.

"Bazungu banaingia kwa chefu na mikono bure," alisema akifuta machozi. "Batu elfu! Na chefu anabaangalia tu!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku.

"Tunaandika tu sentensi moja," nikasema. "Peleka pombe kwanza."

"Ah non. Ukiandika, iko règlement, sheria tu, haiko heshima." Alikuwa ameshasimama. "Bibi ya chefu, muke yake, Flori! Ukifika bila kintu, yeye anaangalia mikono yako. Anaangalia tu. Batu bataelewa bo wenyewe. Nitachora bamama douze, kumi na mbili, kila mama na macho yake. Nipe mpaka samedi."

"Jumamosi iko mbali."

"Samedi iko samedi. Uko na imani ao hauna?"

Nikasema ninayo. Noëlla akabeba kompyuta yake, akaenda kuchorea kwao Kasha, ambako hakuna wa kumsumbua.

Imani ile niliifikisha hadi Jumatano saa nne asubuhi.

Saa nne ile hakuna mtu mpya aliyeongoja. Hata mmoja. Malalamiko mapya kumi na saba, yote yaleyale: hawajibu, hawajibu. Nikaona boti ya Idjwi inaondoka na mtu wangu ndani yake. Nikaona mabango ya chanjo yenye rangi nzuri. Nikaketi, na mikono hii inayoandika sasa ikafanya ilichofanya.

Niliiondoa pombe.

Nilifuta mtungi, nikafuta amri zake, nikawaambia machifu wajibu papo hapo, yeyote akiomba, mwenye kitu na asiye na kitu. Na kwa kuwa mtungi umekwenda, nyuso za machifu wakinywa hazikuwa na kazi tena. Nyuso kumi na mbili. Noëlla alizichora miezi miwili: mmoja anafumba macho, mmoja anapangusa masharubu, mzee wa kilima cha nne ananusa kwanza kwa kuwa hamwamini mtu. Nilizifuta zote, nisije nikabadili nia. Kisha nikatuma mchezo mpya dukani, na duka likaupeleka lenyewe kwa kila mtu duniani.

Haraka haraka haina baraka, najua. Lakini siku ile, ndugu zangu, baraka ilikuja mbio.

Alhamisi watu walikuwa elfu tatu na mia nne. "Wamerekebisha! Machifu wanajibu!" Alama zikapanda. Nikanywa soda peke yangu chumbani nikiimba. Mmoja aliandika kwamba sasa mchezo umekuwa mwepesi, ni kama kuingia dukani na kutoka. Huyo nilimruka.

Noëlla akapiga simu kutoka Kasha.

"Flori, nombres zinapanda! Bameelewa?"

Sauti yake ilikuwa na furaha hata nikashindwa kumwambia kweli.

"Bameelewa," nikasema.

"Bila bamama yangu?"

"Wewe chora tu. Bamama watakuja kuongeza utamu."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilipita dukani kwa Maman Consolate. Ijumaa asubuhi nilikuwa nashuka kununua mkate, akanizuia kwa mkono wenye rula ya mbao.

"Floribert. Kaa."

Nikakaa.

"Asubuhi hii nimeomba chefu wa kilima cha nne ngombe moja. Akanipa. Sikumupelekea kintu. Nikaomba ya pili, akanipa. Nikaomba ya tatu, papa, akanipa! Uyu muzee iko mugonjwa?"

"Tulibadilisha kidogo, Maman. Ju ya wageni."

"Mulibadilisha, ao ulibadilisha?"

Mama huyu angekuwa hakimu, gereza lingejaa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kukatiza, akikunja kitenge, akikunjua, akikikunja tena.

"Noëlla anajua?"

"Hapana. Nakuomba, Maman, usimwambie. Ikifika elfu saba nitarudisha kila kitu."

"Miye sitasema." Akaweka kitenge rafuni. "Lakini akiniuliza, nitajibu. Na nikuambie kintu, mutoto yangu. Ile machefu yako ya sasa, yanatoa ngombe kwa kila anayepita, miye sitaki tena kucheza nayo. Haina heshima."

Iliniuma kuliko malalamiko yote ya Poland. Hata hivyo nilipanda ngazi, nikatazama idadi, na idadi ikanifariji. Elfu tano na mia moja.

Mchana wa siku hiyohiyo ikaja barua.

Ilitoka kwa Micheline. Kama hamchezi michezo hii hamtamjua, kwa hiyo niwaambie: ni mama wa miaka sitini na kitu, wa Québec, anayecheza michezo midogo ya mikakati jikoni kwake huku watu wanamtazama moja kwa moja mtandaoni. Ana paka na birika la kahawa. Micheline akisema mchezo ni mzuri, watu elfu wanabonyeza kitufe kabla hajanywa funda la pili. Waundaji wadogo wa nchi zote humwandikia kila siku wakimsihi. Sisi tulimwandikia mara nne, hakujibu.

Sasa ameandika mwenyewe: "Nilicheza Kilima Jumanne, peke yangu, bila watazamaji. Nimegundua humo kitu ambacho hakuna aliyekiona. Kesho saa tatu asubuhi kwangu nitawaonyesha wote. Muwe kwenye laini ya sauti, nitawaita mwishoni."

Kitu ambacho hakuna aliyekiona! Nilifikiri anasema ndama anayepiga chafya. Nilimweka kule mwenyewe, nyuma ya mgomba, na nilijivunia sana ndama yule. Jumanne, amesema Jumanne, na mimi niliyesomea hesabu sikupiga hesabu ya siku.

Jumamosi Noëlla alipanda ngazi saa nane mchana, kompyuta kifuani, macho mekundu kwa kazi, anacheka.

"Bamama douze!" akasema. "Bamekamilika. Angalia uyu wa kilima cha nne."

Nikaangalia. Mke wa yule mzee asiyeamini mtu alikuwa ameketi mlangoni, anatazama mikono yako, na uso wake ulisema kila kitu. Hakukuwa na haja ya neno. Mtu wa Korea angeelewa. Ningekuwa na subira ya siku tatu tu, tungekuwa na mchezo usiofanana na wowote ule kati ya ile mia nane.

"Nzuri," nikasema.

"Tutaweka leo?"

"Baada ya Micheline."

Maman Consolate alifunga duka mapema, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi ya mwanawe, akaja kuketi nasi. Kati ya kuta zetu tatu na dirisha moja tukabanana mbele ya skrini. Wanaongoja walikuwa elfu sita mia tatu na kumi. Saa tisa kamili Micheline akatokea, paka mezani, kikombe mkononi, na watazamaji elfu sita wakimsalimu.

Alisema kwa Kifaransa chake cha kuvuta. Nakiweka hapa kwa Kiswahili.

"Marafiki, wiki hii mmesikia kuhusu mchezo mmoja kutoka Bukavu. Mmesikia kwamba machifu wake hawakujibu, kwamba umeharibika. Hapana! Haujaharibika. Ni sisi tulioingia bila adabu."

Noëlla alinishika mkono. Miaka mitatu nilingoja mkono ule, na ulikuja dakika ambayo nilitaka kuingia chini ya meza.

"Jumanne nilikata tamaa kama ninyi," Micheline akaendelea. "Kisha nikaona mtungi pembeni. Nikamtumia mzee wa kilima cha nne, kwa kumhurumia tu. Marafiki, akaunusa! Akanywa! Akaniambia keti! Nilicheka peke yangu jikoni. Bibi yangu kijijini kwetu hakuenda kwa jirani bila chupa chini ya koti. Huu si mchezo wa ng'ombe. Ni mchezo wa namna watu wanavyoingiana nyumbani. Tazameni, nitawaonyesha."

"Anaelewa," Noëlla alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Flori, anaelewa bila hata bamama."

Micheline akaenda kwa mzee wa kilima cha nne. Akatafuta pembeni. Akatafuta upande wa pili. Paka akapiga miayo.

"Ngojeni. Mtungi ulikuwa hapa."

Akabonyeza kwa kubahatisha. Mzee akampa ng'ombe. Akabonyeza tena, akampa mwingine. Kwa mkono mmoja aliokuwa nao huru, Micheline akashika kichwa.

"Mbona ananipa tu? Wapi mtungi? Nani amemfanya hivi mzee wangu?"

Maman Consolate akakohoa.

"Iko bogue," Noëlla akasema haraka. "Flori, ile version ya dukani imeharibika. Fungua, tuangalie."

Micheline akaita kwenye laini: "Waundaji wa Bukavu, mko hapo?"

"Tuko, Madame," Noëlla alijibu kwa Kifaransa safi. "Tupe dakika moja tuangalie." Kisha akaniambia: "Funga micro."

Nikabonyeza kitufe cha kufunga sauti. Ndivyo nilivyoamini.

Noëlla alikuwa ameshavuta kiti, anatafuta picha zake ndani ya kompyuta yangu. Mtungi haupo. Nyuso za kunywa hazipo. Alitafuta kama mtu anayetafuta mtoto sokoni.

"Maman," akasema bila kugeuka, "kuna kintu unajua?"

"Ameniuliza," Maman Consolate akaniambia mimi. "Sema weye mbele."

Mficha uchi hazai. Nikasema.

"Siyo bogue, Noëlla. Ni miye. Mercredi saa ine. Nilitoa pombe. Nilifuta mutungi, nilifuta na zile sura zote."

"Zote?"

"Zote douze."

"Na ulinambia bameelewa."

"Nilikudanganya."

Nilingoja kelele. Noëlla anajua kupiga kelele, majirani ni mashahidi. Hakupiga. Alitazama mikono yake iliyokuwa bado na madoa ya rangi.

"Nilikuwa naogopa, Noë. Nombres zilisimama. Nilisema ukiona vile utapanda boti."

Akainuka. Akaenda nyuma ya mlango, ambako sikuwa nimetazama alipoingia, akavuta mfuko wa safari. Ulikuwa umejaa, zipu imefungwa.

"Flori," akasema, "nilisha signer barua ya Idjwi. Tangu mardi."

Sikuelewa. Hesabu zote nilizofundisha hazikunisaidia kitu.

"Jumanne?"

"Mardi jioni. Nilisoma zile commentaires ya bazungu nikacheka, si uliona nilicheka? Nikafika Kasha nikalia. Nikasema hatutaweza. Nikapiga simu, nikasema oui. Boti iko kesho asubuhi."

"Na bamama douze?"

"Nilitaka nikuachie kazi imekamilika."

Maman Consolate akaketi juu ya sanduku la betri. "Yesu wangu," akasema, "munafaana."

Tukasimama hivyo, mwongo mmoja mbele ya mwongo mwingine. Nilifuta pombe ya machifu ili kumzuia mtu aliyekwisha kuondoka. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na mwili wangu ukashindwa kuchagua.

Noëlla akaweka mfuko chini.

"Zile sura niko nazo kwa ordinateur yangu," akasema. "Naweza kurudisha. Lakini nitakuuliza kintu kimoja, na usinidanganye tena. Ulitoa pombe ju ya mchezo, ao ju yangu?"

Wasomaji wangu, nimewaambia ninyi mapema kwa kuwa karatasi haina macho. Yeye ana macho.

"Ju yako," nikasema. "Mchezo, ukikufa, nitalia mwaka moja, nitatengeneza ingine. Weye ukienda, miye sijue nitafanya nini. Nakupenda, Noëlla. Tangu ile siku ulicheka ngombe yangu. Nilikosa tu namna ya kusema."

"Trois ans?"

"Miaka mitatu."

Ndipo sauti ikatoka ndani ya kompyuta, sauti ya mama wa Québec anayejaribu kusema polepole.

"Mademoiselle Noëlla? Samahani. Micro yenu iko wazi."

Nikatazama kitufe. Kilikuwa kijani kibichi kabisa. Nilikuwa nimebonyeza kile cha kamera, ambayo hata hatuna.

"Mimi binafsi sikuelewa neno," Micheline akaendelea. "Lakini yuko mtu wa Uvira anayeishi Montréal, ametutafsiria yote tangu mwanzo, pombe na boti na mengineyo. Ameandika haraka sana, maskini. Sasa watazamaji tuko elfu tisa. Paka wangu pia ameamka."

Kwenye skrini maneno yalikuwa yanapita kwa kasi isiyosomeka. Kifaransa, Kiingereza, Kireno, na katikati yake, kwa herufi kubwa, Kiswahili chetu kabisa: NOËLLA JIBU. NOËLLA, UYU KIJANA ANATESEKA. Mtu wa Poland, yule wa kwanza kulalamika, aliandika kwamba anaomba radhi kwa kuingia kwa chifu mikono mitupu.

Noëlla hakunitazama. Alikaribia kompyuta, akafuta uso kwa pembe ya kitenge, na kuongea na Micheline, Kifaransa chake kimenyooka kama kwamba hakuna lililotokea.

"Madame, bado una kahawa?"

"Nusu birika."

"Basi nipe dakika ishirini. Nitarudisha mtungi na nyuso zote, na kuna wake kumi na wawili ambao bado hujawaona." Akavuta kiti. "Na huyu kijana nyuma yangu, aliyekuja kuniomba mikono mitupu, mwambieni atangoja zaidi ya hapo."

Elfu tisa wakacheka kwa maandishi. Maman Consolate akacheka kwa sauti, akipiga mapaja. Noëlla akafungua kompyuta yake, akaanza kazi.

Mimi nilibaki nimesimama nyuma yake. Mfuko wa Idjwi ulikuwa palepale mlangoni, zipu imefungwa, na hakuna aliyeniambia kama niufungue au niusogeze karibu na ngazi.